Tusiuze klabu kabla ya kufungua daftari

Wahenga walituachia methali ambayo kila mweka hazina wa klabu ya soka nchini angestahili kuibandika ukutani mbele ya meza yake: mali bila daftari hupotea bila habari. Sidhani kwamba waliotunga methali hiyo walikuwa na kandanda akilini. Hata hivyo, lau wangalifufuka leo na kutembezwa katika ofisi za klabu zetu kongwe, wangaliona jinsi maneno yao yalivyotimia neno kwa neno.

Nayasema haya kwa sababu upo wimbo ambao huimbwa kila mara klabu mojawapo inapotikisika. Wachezaji wakigoma kufanya mazoezi kwa kukosa mishahara, wimbo huanza. Kocha wa kigeni akifunga virago na kupeleka madai yake kwa Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, wimbo hupaa. Kibwagizo chake ni kimoja tu: klabu iuzwe! Atafutwe tajiri ainunue, alipe madeni, awatimue viongozi wote, nasi turudi uwanjani kushangilia.

Ni wimbo mtamu, na sishangai unavyopendwa. Mfa maji haachi kutapatapa. Lakini nimeusikiliza kwa muda mrefu, na naona pana haja ya mtu kuuliza maswali matatu ambayo waimbaji huyaruka. Anayeuza ni nani? Kinachouzwa ni nini? Na mnunuzi atafanya nini siku atakapochoka?

Kabla sijayajibu maswali hayo, niruhusu msomaji nikupe kisa kifupi.

Miaka michache iliyopita, jioni moja ya Jumapili, msongamano wa magari katika Barabara ya Jogoo ulinilazimisha kushuka matatu na kutembea. Mbele yangu alikuwa kijana mmoja mwenye mfuko begani. Nilimtambua mara moja. Alikuwa beki wa klabu moja ya Ligi Kuu ambayo sitaitaja, na saa mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemwona akibebwa juujuu na mashabiki baada ya kuokoa mpira uliokuwa ukielekea wavuni. Nikamsalimu, nikamuuliza mbona anatembea na mtaa anaoishi uko mbali.

Akacheka. "Mzee, nauli iko wapi? Huu ni mwezi wa nne hatujauona mshahara."

Akanieleza kwamba mwenye nyumba alikuwa ametia kufuli mlangoni pake. Viatu alivyochezea siku ile vilikuwa vya kuazima, kwa kuwa vyake vilifungiwa ndani pamoja na godoro na sufuria. Waliombeba juujuu walikuwa wamemtua langoni mwa uwanja, wakapanda magari, wakaenda zao. Hakuna aliyejua shida yake. Nami sikuijua, ingawa nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakipiga makofi.

Wapo watakaosema kwamba kisa hiki ndicho hoja kubwa ya kuuza klabu. Ikiwa wanachama wameshindwa kumlipa kijana wa watu, kwa nini wasimpishe mwenye uwezo? Hoja hiyo ina uzito, na sitaikwepa. Lakini kwanza tutazame tulikotoka.

Mwaka wa 1964, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, timu ndogondogo za Waluhya ziliungana zikaunda timu moja iliyoitwa Abaluhya, ambayo leo tunaijua kama AFC Leopards. Gor Mahia ikazaliwa mwaka wa 1968 kwa muungano wa aina hiyo hiyo, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Uluo. Hapakuwa na tajiri aliyezinunua wala kampuni iliyozianzisha. Zilijengwa kwa michango ya watu waliokuwa wamekuja mjini kutafuta riziki, makarani, wapishi, makuli na walimu, ambao siku ya mechi walipata mahali pa kukutana na watu wa kwao, kupashana habari za nyumbani na kuzikana walipofiwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Na vilielea kwelikweli. Leopards walitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati mara tano, mara tatu kati ya hizo kwa mfululizo, mwaka wa 1982, 1983 na 1984. Gor Mahia walilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka wa 1987 baada ya kutoka sare ya mabao 2-2 na Esperance mjini Tunis na sare ya 1-1 jijini Nairobi. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kushinda kombe la bara. Pambano la mahasimu hao wawili tunaliita la mashemeji, kwa kuwa jamii hizo zimeoana tangu jadi, na hakuna pambano jingine la klabu humu nchini linaloweza kufunga maduka na kusimamisha shughuli kama hilo.

Kisha tukaanza kuteleza. Gor Mahia walitwaa ubingwa wa ligi mwaka wa 1995, wasiuguse tena hadi mwaka wa 2013. Leopards walitwaa wao mwaka wa 1998, kisha miaka zaidi ya ishirini ikapita mikono mitupu. Katika miaka hiyo yote viongozi walibadilishana viti, walipelekana mahakamani, na aghalabu kila aliyeingia alidai kwamba aliyetoka aliondoka na vitabu vya hesabu. Mali bila daftari.

Faraja ilikuja kwa sura ya kampuni ya kamari. SportPesa ilizidhamini klabu zote mbili, tena ikaidhamini na ligi yenyewe. Mishahara ikalipwa, Gor Mahia ikarejea kileleni na kuukalia ubingwa msimu baada ya msimu. Ilikuwa ni raha. Lakini methali inasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Serikali ilipopandisha ushuru wa kamari hadi asilimia 35 mwanzoni mwa mwaka wa 2018, kampuni hiyo ilisitisha udhamini wake, na klabu zikaanza kuomboleza hadi ilipozirejea. Mwaka wa 2019 ulipozuka mzozo mpya kuhusu ushuru na leseni, SportPesa ilijiondoa tena mwezi wa Agosti.

Yaliyofuata ni aibu ambayo hatupaswi kuisahau. Mwezi wa Desemba 2020 Gor Mahia, mabingwa wa Kenya, walifika Algiers saa chache tu kabla ya kucheza na CR Belouizdad katika Ligi ya Mabingwa Afrika, kwa sababu ya tatizo la tiketi za ndege. Walifungwa mabao 6-0. Mwaka uliofuata, FIFA ilizipiga marufuku Gor na Leopards zote mbili kusajili wachezaji wapya kwa sababu ya madeni ya watu waliokuwa wamezitumikia bila kulipwa. Mashemeji wakawa sawa kwa jambo moja walau: ufukara.

Hapo ndipo wimbo wa kuuza ulipopata nguvu. Nami nakiri kwamba waimbaji wake wana haki ya kuchoka. Uanachama wetu umekuwa wa mdomo tu. Uchaguzi ukifika, watu ambao hawajawahi kulipa ada hata senti moja hufurika ukumbini na kupiga kura. Uchaguzi ukiisha, hurudi makwao kungoja mwingine. Kiongozi anayechaguliwa hivyo hana anayemwogopa. Asipotoa hesabu leo, hatazitoa kesho, na mwishowe ataziacha katika kabati iliyopotea ufunguo. Anayesema kwamba mfumo huu umeshindwa hasemi uongo.

Lakini je, tajiri ndiye dawa? Tusitafute jibu mbali. Tumeshawahi kuwa na klabu zenye wenyewe.

Oserian Fastac, timu ya kampuni ya maua ya Naivasha, ilitwaa ubingwa mwaka wa 2001 na 2002. Iko wapi leo? Sony Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, ilitwaa ubingwa mwaka wa 2006. Kiwanda kilipoyumba, timu nayo iliyumba, na mwaka wa 2019 ilitimuliwa katika Ligi Kuu baada ya kushindwa kufika viwanjani kucheza mechi zake. Nakumatt FC ilikuwa timu ya duka kubwa lililojulikana kote Afrika Mashariki. Duka lilipoanza kufilisika, timu ilibadilishwa jina mwaka wa 2018 ikaitwa Mount Kenya United, na mwaka uliofuata ikashuka daraja. Hakuna aliyeandamana. Hakuna aliyelia. Klabu ya mtu mmoja hufa pamoja na mfuko wa huyo mtu mmoja.

Sasa ulinganishe na Gor na Leopards. Zimekosa pesa, zimekosa viongozi, zimekosa viwanja, zimekosa hata tiketi za ndege, lakini hazijafa. Kwa nini? Kwa sababu kila zinapoanguka wapo watu maelfu wanaokataa kuzizika. Huo ndio utajiri wake, na hilo linatuleta kwenye swali letu la pili: kinachouzwa ni nini hasa?

Hebu tuihesabu mali. Uwanja? Hakuna klabu kati ya hizo mbili inayomiliki uwanja wa kuchezea mechi za ligi. Nyayo, Kasarani na City ni mali ya umma. Wachezaji? Mikataba yao ni ya muda mfupi, na asiyelipwa ana haki ya kuuvunja wake na kuondoka bure. Haki za televisheni? SuperSport iliondoka nchini mwaka wa 2017, na mdhamini wa ligi aliyekuja mwaka wa 2020 na ahadi ya shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano alikuwa ameshaondoka mwaka wa 2021. Kinachosalia ni vitu vitatu: jina, rangi na umati.

Basi tuelewane. Mtu anayekuja kununua klabu kongwe ya Kenya ananunua umati. Na katika nchi hii sote tunajua ni watu gani wanaohitaji umati, na ni wakati gani wanauhitaji zaidi. Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, mapenzi ya soka huwapanda wanasiasa ghafla kama homa. Jezi huvaliwa juu ya suti, mabasi huahidiwa, na hundi za makaratasi makubwa kama milango hukabidhiwa mbele ya kamera. Kura zikishahesabiwa, homa hupoa. Tukimuuzia mtu wa aina hiyo klabu nzima, tutakuwa tumeuza mioyo ya watu bila wao kuulizwa.

Nami sitaki msomaji adhani kwamba janga hili ni la Waafrika peke yao. Uingereza, ambako tulirithi mchezo wenyewe, ilishuhudia kisa kinachofaa kusimuliwa katika kila mkutano wa wanachama.

Klabu ya Bury ilianzishwa mwaka wa 1885 katika mji mdogo karibu na Manchester. Ilitwaa Kombe la FA mara mbili, mwaka wa 1900 na 1903, na mara hiyo ya pili iliicharaza Derby County mabao 6-0. Kufikia mwaka wa 2018 ilikuwa imeelemewa na madeni, na hata uwanja wake wa Gigg Lane ulikuwa umewekwa rehani. Mwezi wa Desemba mwaka huo ikauzwa. Unajua kwa bei gani? Pauni moja. Pauni moja tu, bei ya kikombe cha chai. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara Steve Dale, na wakuu wa ligi walishindwa kupata kutoka kwake ushahidi wa kutosha kwamba alikuwa na fedha za kuiendesha na kuyalipa madeni.

Wachezaji wa Bury walikaa bila mishahara, na jambo la ajabu ni kwamba msimu huo huo walipigana hadi wakapanda daraja. Haikusaidia. Mwezi wa Agosti 2019 kampuni nyingine ilijitokeza kutaka kuinunua. Ilipofungua vitabu na kuona yaliyomo, ilirudi nyuma saa chache kabla ya muda uliowekwa kwisha. Siku hiyo, tarehe 27 Agosti 2019, Bury ilifukuzwa katika ligi. Miaka 134 ya historia ikakatwa kwa tangazo moja la jioni.

Tazama mambo yalivyopangana. Aliyenunua bila kujali vitabu aliipata klabu. Aliyevichunguza alikimbia. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na waliolipa gharama ni watu wa mji ule. Ni wao pia waliokuja kuiokoa: mashabiki waliunda timu yao wenyewe, wakaununua tena uwanja wa Gigg Lane mwaka wa 2022, na mwaka wa 2023 jina la Bury likarejea uwanjani, katika madaraja ya chini kabisa. Wanaanza upya, lakini safari hii wana funguo mikononi.

Portsmouth nao wana la kutufundisha. Walitwaa Kombe la FA mwaka wa 2008, na miaka miwili tu baadaye wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kuwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Mwaka wa 2012 wakawekwa tena. Matajiri walikuwa wamepokezana klabu hiyo kama sigara. Mwaka wa 2013 mashabiki walichanga pesa wakainunua, wakayamaliza madeni, na mwaka wa 2017 wakapiga kura kwa hiari yao kumuuzia Michael Eisner, aliyewahi kuwa mkuu wa kampuni ya Disney. Sizipingi, basi, klabu kuuzwa. Portsmouth waliuza. Lakini waliuza wakiwa wamesimama, hesabu zikiwa safi, wakijua wanamuuzia nani na kwa masharti gani. Aliye katika dhiki hana bei. Aliyesimama hutaja bei yake.

Tukirudi karibu na nyumbani, majirani zetu wa Tanzania wametutangulia. Mwaka wa 2017, baada ya majadiliano marefu na mabishano yasiyokuwa machache, Simba ya Dar es Salaam ilikubali mfumo ambao wanachama wanashika asilimia 51 na mwekezaji asilimia 49. Mfanyabiashara Mohammed Dewji alishinda zabuni kwa ahadi ya shilingi bilioni 20 za Tanzania. Simba walitwaa ubingwa wa nchi mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18, na mwaka wa 2025 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, kama watani wao Yanga walivyofika mwaka wa 2023. Sisemi kwamba Simba haina mizozo. Inayo, na kuhusu pesa hizo hizo maneno yamesemwa mengi. Lakini mwanachama wa Simba akigomba, anagomba akiwa mwenye nyumba. Wale waliodai kwamba hakuna tajiri atakayekubali kuweka pesa bila kushika sehemu kubwa wamejibiwa na ushahidi ulio ng'ambo ya mpaka tu.

Kutokana na hayo, napendekeza mambo manne yatangulie kabla ya klabu yoyote ya wanachama nchini kupigiwa mnada.

Kwanza, daftari. Mkaguzi wa nje, asiyekuwa na undugu wala urafiki na kiongozi yeyote, azikague hesabu za angalau miaka mitano, na taarifa yake ichapishwe gazetini. Tujue klabu inadaiwa na nani, kiasi gani na kwa nini. Tujue pia klabu inamdai nani. Chini ya kanuni za FIFA, sehemu ya asilimia tano ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea mchezaji alipokuwa na umri wa kati ya miaka 12 na 23. Michael Olunga alipita Tusker, Thika United na Gor Mahia kabla ya kwenda Sweden na baadaye kuwa mfungaji bora wa ligi ya Japani mwaka wa 2020. Klabu isiyoweka kumbukumbu za vijana wake itadai nini, na kwa ushahidi gani? Mficha uchi hazai, na klabu inayoficha vitabu vyake haipati mwekezaji mwaminifu. Itapata yule wa pauni moja.

Pili, wenye klabu wajulikane. Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013 inataka kila klabu isajiliwe rasmi. Usajili huo uwe na maana. Pawe na orodha ya wanachama waliolipa ada, yenye majina na nambari za vitambulisho, na asiyekuwamo asipige kura. Hapo ndipo swali la "anayeuza ni nani?" litakapopata jibu. Leo hii, mwenyekiti akitia sahihi ya kuuza klabu kongwe, hakuna awezaye kusema kwa yakini ni kwa idhini ya nani.

Tatu, sehemu kubwa ya hisa, asilimia 51 kwenda juu, isiuzike. Ujerumani wamelinda kanuni kama hiyo katika ligi yao tangu mwaka wa 1998, na viwanja vyao hujaa. Jina, rangi na makao ya klabu yawekwe katika katiba kwa namna ambayo hayawezi kuguswa bila kura ya wanachama wenyewe. Hatutaki siku moja kuamka tukakuta chui amepakwa rangi nyingine, au K'Ogalo amepewa jina la sabuni.

Nne, pesa zionekane kabla ya mkono kupeanwa. Mnunuzi aweke katika benki mishahara ya mwaka mzima, chini ya ulinzi wa mtu wa tatu, ili siku akichoka wachezaji wasilale njaa. Shirikisho la Soka Kenya lina mamlaka ya kutoa leseni za klabu; liyatumie. Uingereza yenyewe, baada ya Bury na wengineo, iliamua mwaka wa 2025 kutunga sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka, ambaye kazi yake mojawapo ni kuwapima wanunuzi wa klabu. Wao walingoja hadi maiti ikaoza. Si lazima nasi tungoje.

Nimesema ya viongozi na ya matajiri. Imebaki ya kwetu sisi mashabiki, na hii ndiyo chungu zaidi.

Mwezi wa Agosti 2025 Kenya ilipoandaa fainali za CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, tulifurika Kasarani. Tiketi ziligombewa, jezi zikauzwa, na taifa zima likasimama hadi Madagascar walipotutoa katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba Mkenya hapendi tena kabumbu la nyumbani, au kwamba hana cha kutoa. Anacho. Lakini mechi ya kawaida ya ligi ikifika, shabiki yule yule hutafuta rafiki amwingize kwa mlango wa nyuma, hununua jezi ya bandia kando ya barabara, kisha hupaza sauti kuliko wote akiuliza kwa nini wachezaji hawajalipwa.

Fanya hesabu pamoja nami. Tuseme klabu yenye mamilioni ya wapenzi ipate elfu hamsini tu walio tayari kutoa shilingi mia moja kwa mwezi kwa simu zao. Hizo ni shilingi milioni tano kila mwezi, milioni sitini kwa mwaka. Ni pesa ambazo haziondoki kwa sababu waziri ameongeza ushuru wa kamari. Haziji na mgombea wala haziendi naye. Lakini hakuna atakayetoa mia yake ya pili kama hakuonyeshwa ya kwanza ilikokwenda. Ndiyo maana nasisitiza kwamba daftari litangulie. Uaminifu ukirudi, mchango utarudi. Na mchango ukirudi, mwekezaji atakuja kwetu kama mgeni anayebisha hodi, wala si kama bwana anayekuja kuokota kilichotupwa.

Najua atatokea mtu wa kuniuliza: na njaa ya leo je? Yule kijana wa Barabara ya Jogoo atangoja ukaguzi wa miaka mitano huku godoro lake limefungiwa? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba dawa ya deni ni kulipa, na mishahara ya wachezaji iwe ya kwanza kulipwa katika kila shilingi inayoingia, kabla ya marupurupu ya viongozi, kabla ya safari, kabla ya chai ya mikutano. Hilo halihitaji tajiri. Linahitaji azimio moja la mkutano wa wanachama na mtu mwenye uso mkavu wa kulisimamia.

Wazee walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Gor na Leopards ni mbacha wetu, uliochakaa, wenye matundu, lakini tuliusuka sisi na bado tunaukalia. Msala wa tajiri huenda ukawa mzuri, na ukija kwa masharti ya heshima tuutandike juu ya mbacha wetu, tukae sote. Tusiutupe wa kwetu kwanza.

Yule beki sijamwona tena tangu jioni ile. Niliuliza habari zake, nikaambiwa kwamba aliacha mpira akaenda kuendesha bodaboda. Klabu yake bado ipo, mashabiki wake bado wapo, na bila shaka wanambeba mwingine juujuu. Ombi langu kwao ni moja: wakishambeba, wasimtue langoni. Waingie naye ofisini, waombe daftari, wasitoke humo hadi wamelisoma.